Taa Zangu Juu ya Ukuta wa Fundi Cherehani

Jumatatu, tarehe 6

Chumba cha mbele kiko wazi! Muuza dawa amehama leo asubuhi na makabati yake yote. Mlango unatazama barabara, dirisha ni kubwa la kioo, watu wanapita kutwa. Mimi kinyozi niko nyuma kabisa, mwisho wa ujia, chumba hakina hata tundu la kuchungulia nje. Anayetaka kunyolewa lazima apite kwanza mlango wa Fundi Cherehani. Wengi hupita hapo na hawafiki kwangu. Wanatoka nyumbani kuja kunyoa, wanarudi na suruali mpya na nywele zilezile. Nimelifikiria sana jambo hili, na sidhani ni bahati tu.

Mama Mwenye Nyumba amepiga simu. Hataki mpangaji mgeni. Anasema Jumamosi atakuja mwenyewe kutazama vyumba vyetu viwili, changu na cha Fundi, na anayekitunza chake vizuri zaidi ndiye atakayehamia mbele. Akanitakia kila la heri. Dakika chache baadaye nikasikia kupitia ukutani Fundi naye akimshukuru kwa kumtakia kila la heri. Sasa heri ya kweli ni ipi?

Nimemweleza Mama Watoto. Hakucheka. Amesema wateja wa uchochoro ule hawatoshi kulisha paka, na nikikosa safari hii nifunge, nikawe msaidizi wa kaka yake, yule fundi umeme. Mimi! Nimpokeze Shemeji koleo na kumwitikia "ndiyo bosi"! Afadhali nikafuge kondoo, angalau nao wananyolewa.

Jioni nimemchungulia Fundi. Alikuwa anafagia. Mtu anafagia Jumatatu kwa nini, kama ukaguzi ni Jumamosi?

Jumanne, tarehe 7

Nimepata. Taa!

Nimenunua zile taa za utepe, zinazojinatisha ukutani na kuamriwa kwa simu zibadilike rangi. Taa zenye akili. Zimekuja roli moja ndefu, na adapta moja, na kisanduku kimoja kidogo kinachoziongoza. Ila mimi nina vioo viwili, kila ukuta na chake, na nataka pia bango langu liwake, lile lililo mwanzo wa ujia upande wa barabara. Na utepe unakwenda mstari mmoja tu. Muuzaji kasema watu wenye mahitaji kama yangu hununua roli tatu. Nilimtazama machoni mpaka akageukia kalenda. Wajinga ndio waliwao! Mimi nitaugawa huu mmoja, kwa nyaya nitakazotengeneza mwenyewe.

Tatizo moja. Taa zenye akili zinataka waifai, na mwenye waifai jengo zima ni Fundi. Niliandaa hila ya hatua kwa hatua. Kwanza nisifie mshono wake, halafu nilalamikie simu yangu, halafu nikohoe, halafu nigusie mambo ya mtandao kana kwamba yamenitoka tu. Nimefika mlangoni, nimesifia mshono, nimelalamikia simu. Kabla sijakohoa akanipa neno la siri. Aliniandikia kwa chaki kwenye kipande cha kitambaa, akanitakia kazi njema. Sijaipenda kabisa. Siri inayotolewa bure si siri, ni chambo.

Jumatano, tarehe 8

Nimekata utepe. Kila baada ya taa chache kuna alama ndogo ya mkasi, na maelezo yanasema ukate hapo tu. Nani anasema? Mtu asiyenijua, anayetaka nikate pale anapotaka yeye. Nimekata panaponifaa mimi. Taa za pande zote mbili za mkato zimekufa palepale. Nashuku utepe ni wa bandia. Kipande cha pili nimekata penye alama, kuwajaribu tu. Kimewaka.

Halafu kazi ya ustadi. Waya unaokwenda kwenye utepe una nyuzi nne ndani yake: mmoja wa umeme, na tatu za rangi, yaani nyekundu, kijani na buluu. Nimetengeneza waya wenye panda: shina linaingia kwenye kisanduku, matawi mawili yanakwenda kila moja kwenye kioo chake. Nimelehemu kwa mkono wangu. Nimeungua kidole gumba na sehemu ya ndevu.

Soketi ya chumbani ni moja na mashine ya kunyolea inaihitaji. Kwa hiyo nimetoa balbu, nikaweka holda yenye soketi pale juu, nikachomeka adapta ya taa. Mwenye taa zenye akili, balbu ya nini?

Katikati ya kazi Shemeji akatokea. Akasema anavyo viunganishi vya kutosha, anaweza kunifungia kila kitu bure kabla ya chakula. Pia akaonya nisivute waya mwembamba mbali sana, eti mwanga huchoka njiani. Unachoka! Kwani unatembea kwa miguu? Nilikuwa karibu kulegea. Ndipo nikaiona suruali yake. Mpya. Mkunjo wa mbele umenyooka, na mtaa huu mwenye mkono wa kunyoosha vile ni mmoja tu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na Shemeji alikuwa ameivaa. Nikaifunika kazi yangu kwa shuka la kunyolea, nikamshukuru, nikamsindikiza hadi barabarani ili nihakikishe hasimami kwa Fundi. Alisimama. Walicheka pamoja.

Alhamisi, tarehe 9

Majaribio. Nimeamuru nyeupe: kuta zote mbili zimewaka! Nilikaa kwenye kiti cha mteja peke yangu, nikageuza kichwa huku na huku. Nilikuwa mzuri pande zote.

Nikaamuru nyekundu. Kulia nyekundu, kushoto kijani. Nikaamuru kijani. Kulia kijani, kushoto nyekundu. Nikazima, nikawasha, nikaomba kwa upole. Yale yale. Mkono wa mtu upo. Na nani mwingine yuko kwenye waifai ileile? Nikategesha sikio ukutani. Cherehani ilikuwa inakwenda, na mwenyewe anaimbia puani. Mtu asiye na jambo haimbi saa nne asubuhi.

Ameingia Mwalimu Mstaafu, mteja wangu wa siku zote. Amejitazama kwenye kioo cha kulia na kile cha kushoto, akaniuliza kwa sauti ya chini ni upande gani wa uso wake unaoumwa. Nikamwambia ni mtindo wa kisasa. Akaomba tumalizie kidevu mlangoni.

Mchana Mama Watoto kaleta chakula. Alitazama taa, akafuata waya kwa kidole, akasema kwenye tawi la kushoto nimebadilisha nyuzi, wa nyekundu umekaa mahali pa wa kijani. Alisema kwa ile sauti anayotumia mtoto akivaa viatu kinyume. Nikamwuliza kaka yake amemlipa nini. Ameondoka na chakula.

Uamuzi: Jumamosi nitatumia nyeupe tu. Nyeupe haina upande.

Ijumaa, tarehe 10

Leo bango. Nilianza kuvuta waya kutoka kwangu hadi mwanzo wa ujia, na waya ukaisha nikiwa usawa wa chumba cha Fundi. Shemeji ana roli zima la waya kwenye begi lake. Simwombi. Afadhali ning'oe ule wa kuanikia nguo.

Nikakaa chini, nikafikiri. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na mimi ndiye kinyozi. Utepe wenyewe si una njia ya umeme ndani yake? Umeme unaingia huku, unatokea kule. Basi utepe ni waya tosha! Nashangaa dunia nzima haijaliona hili. Utepe wa kutosha sikuwa nao, kwa hiyo nimepunguza kwenye vioo vyangu. Nimebakiza kipande cha shibiri juu ya kila kioo. Shibiri inatosha kwa mtu anayejua anachotazama.

Mahali pa kuupitisha ndipo palikuwa na kazi. Ukionekana kwenye ujia, Mama Mwenye Nyumba atauliza. Lakini ukuta wa Fundi haufiki darini, na upande wake wa ndani, juu kabisa, kuna ukingo wa mbao. Nilingoja akapeleke suti ya mteja, nikapanda kwenye kiti, nikausukuma utepe juu ya ukingo kwa mpini wa fagio, mwisho hadi mwisho. Nilikuwa nimeuvisha tepu nyeusi wote ili mwanga usivuje. Sasa Fundi anashona chini ya taa zangu na hana habari. Nimefurahi kuliko nitakavyofurahia bango lenyewe.

Bango limewaka. Kiasi. Ni rangi ya chai iliyochujwa mara ya pili. Shemeji alikuwa anapita barabarani, akalitazama, akasema tu, "Umechoka, eti?" Sijui alimaanisha mwanga au mimi.

Jumamosi, tarehe 11

Nina aibu na nina hasira, na sijui nianze na ipi.

Asubuhi mambo yalikuwa shwari. Nilimwita Mwalimu Mstaafu nimnyoe kichwa kizima bure, ili Mama Mwenye Nyumba akute mteja kitini. Chumba chenye mteja huonekana kikubwa. Fundi alikuwa anapiga pasi tangu alfajiri, sare za shule rundo zima, mvuke umejaa mpaka kwenye ujia. Nikajiambia: anajificha kwenye moshi.

Mama Mwenye Nyumba akafika. Akaanza kwa Fundi, kwa kuwa mlango wake ndio wa kwanza. Halafu nikasikia, "Ala! Hizi taa umeweka lini?"

Nikamwacha Mwalimu nusu kichwa, nikaenda kuchungulia.

Mvuke wa pasi ulikuwa umebandua tepu yangu. Yote! Imelegea na kuning'inia kama maganda ya ndizi, na utepe unawaka ukuta mzima, mwanga unashuka taratibu juu ya vitambaa. Nyuzi zote zinang'aa kwenye rafu. Suti kwenye hanga zimesimama kama watu walioalikwa. Sijapata kuona chumba kizuri vile. Na ni mimi niliyekitengeneza! Fundi mwenyewe amesimama mdomo wazi, futi ya kupimia shingoni. Akaapa kwamba hajui lolote, kageuka tu akaona kumependeza. Mama Mwenye Nyumba akamsifu kwa unyenyekevu wake. Siku hizi kumbe kutojua ni unyenyekevu.

Nifanye nini? Nikisema taa ni zangu, nimesema pia kwamba niliingiza fagio chumbani mwa mtu. Nikinyamaza, chumba kimekwenda. Nilikuwa na simu mkononi. Nikabonyeza kuzima.

Kwa Fundi zikazima. Ila Fundi ana dirisha. Jua likaingia, chumba kikapendeza kwa namna nyingine. Kwangu, ambako hakuna dirisha wala balbu, lilianguka giza totoro. Mwalimu akaita kutoka ndani, akiuliza kama nimekufa au nimehama.

Mama Mwenye Nyumba akaja mlangoni kwangu, akauliza nani amekaa gizani. Sauti ikajibu, "Ni mimi Mwalimu, nimenyolewa nusu." Akawasha tochi ya simu. Akaona nusu ya kichwa chenye nywele na nusu isiyo nazo, na nywele sakafuni, na nyaya zangu zimekatiza chumba kama utando wa buibui. Akauliza balbu iko wapi. Nikasema balbu zimepitwa na wakati. Huku nabonyeza kuwasha, nabonyeza, nabonyeza! Simu inasema hakuna mtandao. Kumbe Fundi aliona taa zimezima ghafla, akaogopa hitilafu ya umeme, akakimbia kuzima swichi zote ukutani pamoja na waifai. Kwa usalama wetu, anasema.

Chumba cha mbele amepewa yeye. Sina ushahidi, lakini mtu hawezi kuwa na bahati yote ile bila mpango.

Jumapili, tarehe 12

Mama Watoto ametoa ile ovaroli ya kaka yake, ameipima mgongoni kwangu nikiwa nakunywa chai. Mikono ya ovaroli ni mirefu. Nimekaa nimeitazama, na roho imeniuma kwelikweli. Miaka yote nimeshika kichwa cha mtu, sasa nishike ncha ya waya wa mtu.

Mchana hodi. Fundi! Amekuja na tepu yangu nyeusi, ameikunja vizuri ikawa donge. Nilijua nimekamatwa. Nikatafuta mlango wa nyuma, nikakumbuka hatuna.

Kumbe hakuja kugomba. Alisema ameufuata utepe juu ya ukuta mpaka kwenye vioo vyangu, akaona nimebakiza shibiri tu kwa ajili yangu, na ndipo alipoelewa. Eti nilitaka kumsaidia kimyakimya apate chumba! Eti hajawahi kutendewa hivyo na jirani. Machozi yalimlengalenga. Ameshamweleza Mama Mwenye Nyumba, naye amekubali: chumba ni kikubwa, mashine za Fundi hazihitaji zaidi ya nusu, nusu ya pili niweke kiti changu. Upande wa dirishani.

Ninaandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma. Nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikasahau kumshuku.

Halafu akili ikanirudia. Nusu ya chumba? Dirisha lote? Mtu hakupi dirisha hivihivi. Nikamwambia anipe muda nifikirie. Nilipomaliza kusema hivyo, Mama Watoto alikuwa ameshamwambia tumekubali, ameshammiminia chai kwenye kikombe changu.

Jumatano, tarehe 15

Tumehamia. Wateja hawaishi! Anayengoja suruali ananyolewa, anayengoja kunyolewa anapimwa suruali. Mwalimu Mstaafu kaja kumaliziwa nusu yake. Mama Watoto amepita, amesimama ng'ambo ya barabara akitutazama kupitia kioo, akatabasamu. Sikumbuki lini alitabasamu namna ile.

Shemeji amefunga taa upya. Utepe mmoja unazunguka chumba kizima, umeungwa penye alama za mkasi, kwa nyaya nene, nyekundu ni nyekundu na kijani ni kijani, hakuna panapofifia. Watu wote wamepiga makofi. Hata mimi nilipiga, kidogo.

Halafu nikatafuta adapta iko wapi. Iko upande wa Fundi. Mwanga unaanzia kwake, unapita juu ya cherehani yake, juu ya meza yake ya kukatia, juu ya rafu zake zote, na ukishamaliza huko ndipo unakuja kwangu. Yaani napata mwanga wa mtumba! Nimemwuliza Shemeji kwa nini. Kasema soketi iko upande ule. Ndilo jibu ambalo hata mimi ningelitoa kama ningekuwa na la kuficha.

Kutwa nimeutazama mwanga wangu na kuulinganisha na wake. Ukiutazama sana, unaona tofauti.

Alhamisi, tarehe 16

Fundi ametoka kununua nyuzi, ameniachia nimwangalizie upande wake. Funguo, mashine, nguo za wateja, vyote. Watu wa kawaida hawaaminiani hivyo. Anataka kitu.

Nikaona ndiyo nafasi. Mteja alikuwa kitini na povu kidevuni, nikamwomba anisubiri kidogo. Nikapanda kwenye stuli na mkasi wangu mzuri, nikatafuta katikati ya chumba, pale upande wake unapoishia na wangu unapoanza. Na nimekata penye alama kabisa, mtu asije akasema mimi sijifunzi. Tangu leo mwanga wangu ungejitegemea. Usingepita kwa mtu.

Nimekata. Upande wa Fundi unawaka vilevile, haukupepesa hata mara moja. Upande wangu umezima wote, kuanzia mkato hadi kioo.

Nilijua! Muda wote huu alikuwa ameushikilia yeye.

Fundi amerudi na nyuzi zake. Ametazama juu, akanitazama mimi, akamtazama mteja mwenye povu. Amesema taratibu kwamba nikipenda nivute kiti changu kwake, kule kwenye mwanga, tumalizie huko.

Sasa anataka na kiti.